Mkojo kuvuja, kizazi kushuka, choo kugoma: kipimo kipi kitangulie na kipi kisubiri

Wanawake wengi wanaovuja mkojo wakikohoa, walioshukiwa na kizazi, au wanaokaa chooni muda mrefu bila kupata haja, hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa miaka. Kinachowachelewesha ni aibu. Wakishafika, wanatajiwa vipimo ambavyo majina yake hawajawahi kuyasikia. Kimoja kinafanywa palepale kliniki kwa glovu na karatasi, kingine kinataka rufaa, nauli na malazi katika mji mwingine. Hapa nimeviweka ubavu kwa ubavu ili mtu ajue anachokilipia kitamjibu nini.

Sakafu ya nyonga ni misuli na kano zilizotandazwa chini ya nyonga, zikibeba kibofu, kizazi na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ifikirie kama kitanda cha kamba: kamba zikilegea upande mmoja, kinachobonyea ni kile kilichokaa upande huo. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unaweza kuonekana kama mkojo unaovuja kwa huyu, kama uvimbe ukeni kwa yule, na kama choo kisichotoka kwa mwingine. Wanaume pia wamo, hasa baada ya upasuaji wa tezi dume.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho majibu yake yatabadilisha matibabu yako. Kwa hiyo kabla ya kukubali kipimo chochote kikubwa, muulize anayekutibu: "Daktari, majibu yakitoka hivi, utanifanyia nini? Na yakitoka vile, je?" Kama jibu ni lilelile kwa pande zote mbili, kipimo hicho kinaweza kusubiri.

Daftari na kijiti cha mkojo

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kwa mtu anayevuja mkojo hakina mashine. Chukua daftari na kikombe chenye alama za mililita. Kwa siku tatu, usiku na mchana, andika saa uliyokunywa na kiasi, saa uliyokojoa na kiasi, na kila ulipovuja andika ulikuwa ukifanya nini: ulicheka, uliinua ndoo, au ulisikia maji ya bomba yakitiririka ukashindwa kufika chooni. Siku hizo zisiwe za mfungo wa Ramadhani, kwa sababu unywaji wote unahamia usiku na daftari litaonyesha ugonjwa ambao haupo. Kama unatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, ziandike pia pamoja na saa unazozimeza.

Angalia daftari linavyoweza kutenganisha watu wawili. Mmoja anakwenda chooni mara 14 kwa siku na kila mara anatoa mililita 80. Mwingine anakwenda mara hizohizo 14 lakini anatoa mililita 300. Kwa mdomo malalamiko yao ni mamoja: "Nakojoa sana." Wa kwanza kibofu chake hakivumilii kujaa. Wa pili mwili wake unatengeneza zaidi ya lita 4 kwa siku, na kinachotakiwa kupimwa ni sukari kwenye damu, pamoja na kuuliza anakunywa kiasi gani. Hakuna mashine ya kibofu inayogundua jambo hilo kwa urahisi kama daftari.

Pamoja na daftari, mkojo upimwe kwa kijiti. Dakika chache tu zinaonyesha dalili za maambukizi, sukari au damu. Na hapa nasema kwa uchungu kidogo: mwanamke anayeambiwa ana U.T.I. sugu, akapewa antibayotiki baada ya antibayotiki bila mkojo wake kuoteshwa maabara hata mara moja, anastahili kuoteshewa mkojo kabla ya dozi nyingine. Inawezekana hana wadudu kabisa, ana kibofu chenye haraka, yaani kinachombana ghafla kabla hakijajaa. Kwa wanaoishi Kanda ya Ziwa, Pwani au visiwani, damu kwenye mkojo na kukojoa mara kwa mara vinaweza kuwa kichocho. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri si mzuri kwa kipimo hicho.

Kukohoa au kupima pedi?

Kipimo cha kukohoa kinafanywa kibofu kikiwa na mkojo, kama mililita 300 hivi. Unalala, unakohoa kwa nguvu, daktari anaangalia. Kisha unarudia ukiwa umesimama. Mkojo ukiruka palepale pamoja na kikohozi, huko ni kuvuja kwa msukumo: mrija wa mkojo haukushikiliwa vya kutosha. Ukichelewa sekunde kadhaa kisha ukatoka mwingi, yawezekana kikohozi kimeamsha misuli ya kibofu ikajikaza yenyewe, na hilo ni tatizo jingine lenye matibabu mengine. Wengi huenda kukojoa kabla ya kuingia kwa daktari ili wasiaibike, na hapo kipimo kinapoteza maana. Ingia na mkojo wako.

Kupima pedi kunajibu swali tofauti: unavuja kiasi gani? Pedi inapimwa ikiwa kavu, inavaliwa, kisha inapimwa tena. Kwa kipimo cha saa moja unakunywa maji, unatembea, unapanda ngazi, unakohoa. Uzito ukizidi gramu 1, umevuja. Kile cha saa 24 unaweza kukifanya nyumbani kwa mizani ndogo ya kidijitali. Lakini pedi haisemi chanzo, na jasho au ute wa uke huongeza uzito. Mimi ningeiomba tu kwa mtu asiyevuja mbele ya daktari ilhali nyumbani analowa, au kwa anayetaka kulinganisha kabla na baada ya matibabu. Kwa wengine wote, kikohozi kinatosha.

Mkojo unaobaki

Kuna mtu anavuja kwa sababu kibofu hakimalizi, kinajaa na kumwagika. Ukimpa mtu huyu dawa za kutuliza kibofu, unaweza kumzibia kabisa. Ndiyo maana mkojo unaobaki baada ya kukojoa hupimwa, iwe kwa mpira wa mkojo au kwa ultrasaundi ya tumbo. Mpira unatoa kiasi halisi, lakini unauma kidogo na unaweza kuingiza maambukizi. Ultrasaundi haiumi, na mashine ipo katika hospitali nyingi za wilaya. Mpimaji anazidisha urefu, upana na kina cha kibofu kwa sentimita, kisha anazidisha kwa 0.52: kibofu cha 10 kwa 8 kwa 6 kina takriban mililita 250. Mkojo unaobaki ukiwa chini ya mililita 50 ni vizuri, ukizidi 200 unahitaji kufuatiliwa. Chagua ultrasaundi kama ipo, na pimwa mara tu baada ya kukojoa, maana ukikaa kwenye foleni saa nzima kibofu kitakuwa kimejaa upya.

Urodainamiki: ni nani anayeihitaji kweli

Hiki ndicho kipimo kinachotajwa kwa heshima kubwa kuliko vyote vya kibofu, na mashine zake ni chache katika nchi zetu. Kwanza unakojoa kwenye choo kinachopima kasi ya mkojo. Kisha mpira mwembamba unaingizwa kwenye kibofu na mwingine kwenye njia ya haja kubwa. Kibofu kinajazwa maji ya chumvi taratibu, nawe unasema lini umeanza kuhisi mkojo na lini umebanwa. Mashine inachukua presha ya kibofu na kupunguza humo presha ya tumbo. Inayobaki ni nguvu ya misuli ya kibofu chenyewe. Huchukua nusu saa hadi saa moja, uko macho, na utakojoa mbele ya watu. Omba wawe wachache.

Je, kinastahili safari na gharama? Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanawake 630 waliokuwa wakivuja hasa kwa kikohozi na wakielekea kufanyiwa upasuaji. Baadhi walipimwa kliniki tu, wengine wakaongezewa urodainamiki. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 76.9 ya waliopita kwenye mashine na asilimia 77.2 ya wasiopita. Hakukuwa na tofauti ya maana. Utafiti mwingine mkubwa, wa Uingereza, uliotoka 2025 ukiwa na wanawake zaidi ya 1,000 ambao kibofu chao chenye haraka kilikuwa kimeshindwa kutulizwa na matibabu ya mwanzo, nao haukuona kwamba kuongeza mashine kulileta nafuu zaidi.

Lakini masharti ya ule utafiti wa Marekani yasomwe vizuri. Wanawake wale walikuwa tayari wameonekana wakivuja kwa macho ya daktari, mkojo wao hauna maambukizi, na mkojo uliobaki kwenye kibofu ni chini ya mililita 150. Maana yake ni kwamba mashine iliweza kurukwa kwa sababu vile vipimo vidogo vilifanywa kwa uangalifu. Anayeruka vyote hana cha kujitetea nacho.

Sasa upande wa pili, ambao naupigania kwa nguvu ileile. Kuna watu ambao kwao urodainamiki si anasa hata kidogo. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Kibofu chao kinaweza kujaa kwa presha kubwa bila wao kuhisi chochote, na presha hiyo ikarudi juu na kuharibu figo kimyakimya. Mkojo unapoanza kuvuja presha ya kibofu ikiwa imeshazidi sentimita 40 za maji, figo ziko hatarini. Daftari haliwezi kuonyesha hilo. Ultrasaundi huonyesha figo zikiwa tayari zimeanza kuvimba. Kwa mtoto wa mgongo wazi, mzazi akiambiwa asafiri kwenda hospitali yenye mashine hii, asafiri.

Wengine wanaoihitaji ni waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kuzuia mkojo na bado wanavuja, wanaobakiwa na mkojo mwingi bila sababu kujulikana, na wale ambao dalili zao zinasema hili na uchunguzi unasema lile huku upasuaji ukifikiriwa. Mwanaume mwenye mkojo mwembamba kwa kawaida aanze na sehemu ya kwanza peke yake, ya kasi ya mkojo: haina mpira wowote. Awe na mkojo usiopungua mililita 150; kasi ya juu ikifika mililita 15 kwa sekunde au zaidi, mara nyingi njia iko wazi.

Mkojo usiokoma: bluu kabla ya kamera

Mwanamke anayelowa mchana na usiku bila kubanwa, hasa aliyepitia uchungu wa muda mrefu au upasuaji wa kizazi, achukuliwe kuwa ana fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo ukeni, mpaka ithibitike vinginevyo. Hapa urodainamiki si ya kufikiria kabisa.

Kipimo cha rangi ya bluu ni cha bei ndogo na kina akili ya ajabu. Vipande vitatu vya shashi vinapangwa ukeni, kimoja juu ya kingine. Kibofu kinajazwa maji yenye rangi ya bluu kupitia mpira, na mgonjwa anaambiwa atembee kidogo. Shashi ya juu au ya kati ikigeuka bluu, kuna tundu kati ya kibofu na uke. Ya chini peke yake ikigeuka bluu, mkojo huenda umepita kwenye mrija wake wa kawaida. Ya juu ikilowa lakini isiwe ya bluu, mkojo unatoka kwenye mirija inayoshuka kutoka figoni, ambako rangi haikufika, na huyo anahitaji picha ya figo na mirija yake kabla ya upasuaji.

Sistoskopi, yaani kamera inayoingizwa kwenye kibofu, inasaidia mpasuaji kuona tundu liko karibu kiasi gani na matundu ya mirija hiyo. Inahitajika pia kwa mwenye damu kwenye mkojo isiyoelezeka. Kwa kuvuja kwa kawaida haina kazi. Kwa hiyo bluu itangulie, kamera ifuate kama mpasuaji anaihitaji.

Asiyeweza gharama asikae nyumbani. CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo na kutuma nauli ya wagonjwa kwa M-Pesa. Bukavu, hospitali ya Panzi aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999 imetibu maelfu ya wanawake. Na wahi: tundu dogo lililogunduliwa wiki chache baada ya kujifungua linaweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu, bila kisu.

Kizazi kushuka: rula dhidi ya MRI

Kwa hapa sina mashaka. Uchunguzi wa mkono unashinda. Mfumo unaoitwa POP-Q, uliotolewa 1996, una vipimo 9 vya sentimita vinavyochukuliwa kwa rula au kijiti chenye alama, ukiwa unasukuma chini kama anayejifungua. Mlango wa uke ndio sifuri, na hatua zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 4. Faida yake ni kwamba daktari wa Mwanza na wa Mombasa wakisoma karatasi yako wanaelewa kitu kimoja, na mwakani mtajua kama uvimbe umesogea. Kama uvimbe unashuka jioni tu baada ya kazi, mwambie daktari, naye akupime umesimama.

Wakati huohuo aombwe jambo moja ambalo husahaulika: aurudishe uvimbe juu kwa kidole au kwa pete ya ukeni, ile inayovaliwa ndani kushikilia kizazi, kisha ukohoe. Uvimbe mkubwa hukunja mrija wa mkojo na kuuzuia usivuje. Ukirekebishwa kwa upasuaji, mwanamke aliyekuwa mkavu anaamka akivuja na kudhani ameharibiwa. Ni bora kulijua hilo kabla.

MRI ya nyonga, picha inayopigwa kwa sumaku badala ya mionzi, inaonyesha viungo vyote kwa uzuri, lakini kwa kizazi kilichoshuka peke yake mara nyingi haibadilishi uamuzi kati ya mazoezi, pete na upasuaji. Katikati kuna ultrasaundi ya msamba: kifaa kilekile cha tumbo kinavishwa glovu na kuwekwa nje, kati ya uke na njia ya haja kubwa. Inaonyesha misuli iliyochanika wakati wa kujifungua na nyavu zilizoshonewa ndani kwenye upasuaji wa zamani ili kushikilia viungo. Kwa msichana ambaye hajaolewa na hataki kifaa kiingizwe ukeni, hii ndiyo picha ya kuomba, kwa kuwa haiingii popote.

Haja kubwa

Kidole cha daktari kitangulie hapa pia. Kinahisi misuli iliyolegea, kinahisi uvimbe, na kinahisi jambo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya watu wanaposukuma, misuli inayopaswa kulegea inakaza. Na kabla ya vipimo vyovyote vya misuli, mwenye damu kwenye choo, aliyekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika ghafla ukubwani, aangaliwe utumbo mpana kwa kamera ili saratani iondolewe kwanza.

Baada ya hapo vipimo ni vitatu hasa, na kila kimoja kina swali lake:

| | Manometri | Ultrasaundi ya ndani | Picha ya kujisaidia |
|---|---|---|---|
| Inajibu nini | Misuli ina nguvu gani, puru inahisi vipi | Misuli imechanika wapi | Nini kinatokea wakati wa kusukuma |
| Inavyofanywa | Mpira mwembamba wenye puto dogo, umelala ubavu | Kifaa chenye unene kama wa kidole, dakika chache | Puru inajazwa uji mzito wa dawa au jeli, unautoa ukipigwa picha |
| Anayefaa | Asiyezuia choo. Anayesukuma bila mafanikio | Aliyechanika wakati wa kujifungua | Anayehisi uvimbe au choo kubaki ndani |

Mama aliyechanika wakati wa kujifungua na sasa hawezi kuzuia choo au upepo, aanze na ultrasaundi ya ndani. Ikionyesha msuli umekatika, mpasuaji ana cha kushona. Manometri kwake ni ya nyongeza.

Anayekaza chooni ni kinyume chake. Huyu aanze na manometri, na kando yake jaribio rahisi la puto: puto lenye mililita 50 za maji linawekwa kwenye puru, mgonjwa anakaa chooni faraghani na kulitoa. Kwa kawaida hutoka ndani ya dakika moja au mbili. Likikataa, na manometri ikaonyesha misuli inakaza badala ya kulegea, matibabu ni kufundishwa upya namna ya kusukuma pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia. Hakuna haja ya kisu.

Picha ya kujisaidia ndiyo inayowatia watu aibu zaidi, kwa hiyo iachwe iwe ya mwisho. Kwa eksirei unakaa kwenye kiti kama cha choo, jinsi unavyojisaidia kila siku, lakini unapata mionzi, na mjamzito haruhusiwi. Kwa MRI hakuna mionzi na kibofu, kizazi na puru vinaonekana pamoja, ila mara nyingi unakuwa umelala, na utumbo unaojikunja kuingia ndani yake unaweza usionekane. Mwenye mashine ya moyo aseme kabla ya kukaribia MRI. Ningechagua eksirei kwa mwenye tatizo la choo peke yake, na MRI kwa mwenye uvimbe wa sehemu zaidi ya moja anayeandaliwa upasuaji. Majibu yakisema ukuta wa puru umebonyea kidogo kuelekea ukeni, usitishike: wanawake wengi wasio na shida yoyote wanalo hilo.

Siku ya kipimo na siku ya pili yake

Uliza kama uje na kibofu kimejaa au kitupu, na kama kuna dawa za kusimamisha. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, au ndugu akae nawe. Ukiwa na dalili za maambukizi ya mkojo, sema, kwa sababu urodainamiki na sistoskopi vitaahirishwa. Baada ya kuingizwa mpira, kuwashwa unapokojoa na mkojo wenye wekundu kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida, kunywa maji. Homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au kushindwa kabisa kukojoa si kawaida: rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.